Mapokezi ya Placide

Placide, mwana wa Mama Claire, alizaliwa Kilibula, mtaa wa mji wetu wa kando ya ziwa, katika nyumba ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa unasubiri chokaa tangu kabla hajazaliwa, na mpaka leo unaisubiri. Inafaa kuanza na ukuta huo. Wako wanaosema kijana huyu alichukia kusubiri kwa sababu ya kiburi cha masomo, na wanamwonea. Alichukia kusubiri kwa sababu alilelewa humo.

Alisubiri hasa maji. Bomba la mtaa wao lilitoa maji lilipotaka lenyewe, na akina mama walikwisha kulizoea kama mtu anavyomzoea mume mlevi: hawakulikalia macho. Kila mmoja aliweka bidon yake, dumu lake la maji, kwenye mstari, hii yenye kitambaa chekundu mpinini, ile isiyo na kifuniko, kisha akaenda zake, huyu kuanika ndakala, dagaa wa ziwa letu, yule kumsuka mtoto nywele. Bomba likianza kukohoa, aliye karibu alipaza sauti, "Maji imekuya!" na mtaa mzima ukakimbia. Ni Placide peke yake, akiwa bado hajang'oa meno ya utoto, aliyekaa chini kando ya bidon ya mama yake akiushika mpini, mpaka jirani mmoja akamcheka.

"Weye mutoto, bidon haikufiwa, usiikalie kilio. Iache, maji itakuita."

Maneno hayo yalimwingia kuliko katekisimu. Alipokuwa mtu mzima, amesoma informatique, elimu ya kompyuta, huko Bukavu na kurudi na diploma na ndevu chache, alijenga juu yake kazi yake yote, na nusura ajenge juu yake useja wa maisha.

Kazi yenyewe ni hii. Simu zetu, tunapofungua kitu ndani yake, zinakwenda kuuliza kwa mashine moja iliyo mahali fulani, na mashine hiyo inajibu. Inaitwa serveur, jina lilelile la kijana anayeleta vinywaji mezani, na kwa kweli utumishi ni uleule. Serveur za zamani zilifanya kama ofisi zetu zinavyofanya mpaka sasa: kila anayeingia anapewa karani wake, na karani huyo hamwachi, hata kama mtu amesimama tu anapapasa mfuko akitafuta kitambulisho. Wakija watu kumi, makarani kumi. Wakija elfu, makarani elfu, wamejazana, wanakanyagana, hakuna anayesikia, na ofisi inaanguka. Placide alifuata njia ya bidon. Hakuwa wa kwanza duniani kuiona, na hakudanganya mtu juu ya hilo. Karani ni mmoja tu. Anakusikia, anaiweka bidon yako kwenye mstari, anageukia mwingine. Jambo lako likiwa tayari linapiga kelele lenyewe, naye anarudi kwako mara moja, halafu anakuacha tena. Mtu mmoja, akiwa mwepesi na asiye na huruma nyingi, anaweza kupokea mji mzima.

Wala Placide hakutengeneza serveur moja akaishia hapo. Alitengeneza kitu cha chini yake, ule utaratibu wenyewe wa kupokea, ameuandika mara moja ili yeyote anayetaka kujenga serveur yake asianze kufyatua matofali, achukue yaliyokwisha kuchomwa. Wenye kazi hiyo hukiita kitu cha namna hiyo maktaba. Mama Claire aliposikia mwanawe ana maktaba aliwaambia wenzake wa chama cha kanisani, na mwalimu mmoja wa mtaa wa Kasenga akatembea na jua lote lile kuja kuazima kamusi.

Maktaba hiyo Placide aliipa jina la Mapokezi. Kijana mmoja wa Bujumbura aliichukua akajengea serveur ya wauza dawa, mwingine wa Bukavu akawajengea watu wa moto, zile pikipiki za abiria, wote wakamwandikia asante. Na mwanzoni kabisa mwa maelezo yake, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, Placide alikuwa ameandika sheria moja kubwa: *Usikae na mmoja. Anayekaa na mmoja amewafungia wote mlango.*

Kwa mashine, sheria hiyo ni dhahabu. Shida ni kwamba Placide aliitoa ndani ya mashine akatembea nayo barabarani.

Baada ya misa, wakati watu wa parokia wanasimama nje kusalimiana mpaka jua linawachoma, yeye alikuwa akikupa mkono huku macho yamekwisha kufika kwa anayekufuata. Ukianza kumweleza habari za mgongo wako, alikuambia kwa upole, "Nitakurudilia, mama," na kweli alirudi baadaye, akasikia kipande kingine cha mgongo, akaenda tena. Kumtembelea mtu bila kuitwa hakukujua.

"Mathieu, jirani yetu, analala na homa," Mama Claire alimwambia siku moja.

"Ananiita?"

"Muntu mwenye homa atakuita na nini? Na meno yanayogongana?"

"Mama, akihitaji kitu ataniita, na nitafika palepale. Kuenda kumukalia tu bila neno, ni kupoteza wakati wake na wangu."

"Yesu alimwendea mama mkwe wa Petro," alisema Mama Claire.

"Walimwambia kwamba ni mgonjwa," alijibu Placide, ambaye Injili aliisoma vizuri. "Aliitwa."

Mama Claire alichukua sufuria ya uji akaenda mwenyewe kwa Mathieu. Na mwanawe hakuwa mtu mbaya. Ukimwita kweli alikuja mbio, hata wakati wa kula. Tatizo ni kwamba mambo mengi ya maisha hayana sauti ya kuita.

Jinsi Émérance alivyompenda, hilo tumwachie Mungu mwenyewe. Émérance alikuwa mshonaji wa Kasenga, msichana wa maneno machache na mkasi mkali, na alipoulizwa na wenzake anaona nini kwa kijana yule, alisema, "Ananisikiliza. Ila ananisikiliza kidogo kidogo, kama redio yenye betri imechoka. Nikiunganisha vipande vya juma zima vinatosha."

Baba yake Émérance alikwisha kufariki, hivyo neno la nyumba lilikuwa kwa watu watatu: mama yake, Mama Félicité, mjomba wake Herménégilde, aliyekuwa mkuu wa shule na ambaye hakuacha kuwa mkuu wa shule alipoiacha shule, na babu, mzee Étienne, katekista aliyewafundisha sala nusu ya watu wa pwani hii na wengi wa bonde la Ruzizi. Placide alipopelekwa kujulishwa kwa wakwe, mambo hayakuwa mabaya. Mavazi yake yalikuwa safi. Majibu yake yalikuwa ya heshima. Lakini aliinuka mara tatu kwenda nje na simu, na mara ya tatu aliinuka wakati Herménégilde anaeleza ukoo wao ulipotokea, kabla hata hawajashuka kutoka milima ya Mulenge.

"Huyu mutoto hajui kukaa," alisema Mama Félicité wageni walipokwisha kwenda. "Binti yangu atazaa, atamwita aje kuona mutoto, atakuja, ataona, atasema ni muzuri, ataenda."

"Kukaa kunafundishwa," alisema mzee Étienne. "Minye nilifundisha hata wakorofi wa Kavimvira."

Mzee alikuwa amempenda. Siku hiyo alimsindikiza Placide mpaka kwenye lango, polepole, kwa sababu ya magoti, akamshika mkono.

"Mukwe, siku moja uje tukae. Weye na minye. Bila kazi."

"Nitakuja, koko," alisema Placide, akimwita babu kama mjukuu. "Mutaniita tu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Haya basi. Nitakuita."

Ikaamuliwa kwamba jibu la familia juu ya posa litatolewa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa ya pili. Émérance alishona nguo ya Jumapili hiyo, kisha akaifumua kiunoni na kuishona tena, kwa woga tu.

Sasa, parokia ilikuwa na kitu kilichoitwa Tangazo. Mtu alikuwa na simu yake, awe Kilibula, awe Kasenga, awe bondeni kwenye mihogo au juu milimani kwenye ng'ombe, na habari za misa, za maji, za ubatizo na za vifo zilimfikia. Eliane, sekretari wa parokia, aliandika, na serveur ikasambaza. Kitu kizuri, isipokuwa kilianguka kila mara kilipohitajiwa. Siku za kawaida kilisimama imara, hakuna aliyekifungua. Siku ya jambo kubwa watu wote walikifungua pamoja, na kikalala chini kama mbuzi aliyechoka. Paroko alimwomba Placide akijenge upya, na Placide akakijenga juu ya Mapokezi yake, katika kichumba kilicho kando ya kanisa, chenye sahani ya umeme wa jua juu ya bati na betri chini ya meza.

Kikakamilika. Lakini atajuaje kama kitasimama? Siku zikapita na matangazo madogo madogo: mkufu umeokotwa, kwaya ije na sare. Wakasoma watu wachache. Placide alitaka umati. Akapiga magoti, kijana wa watu, akaomba kwa imani yote: "Bwana, nipe siku moja ambayo wote watakuja pamoja, uone kama kazi ya mikono yangu itasimama."

Ni vizuri kuomba, lakini ni vizuri pia kufikiri kidogo kabla ya kuomba. Mungu hana ugumu wa kusikia.

Jumatano ya juma lile la jibu, asubuhi, Placide alikuwa peke yake mbele ya mashine zake. Matangazo ya simu yake mwenyewe alikuwa ameyafunga tangu siku za majaribio, kwa sababu yalikuwa yakilia kama kuku wa kutaga. Mara akaona kwenye kioo ule mstari unaoonyesha idadi ya watu ukiinuka. Ukainuka tena. Ukapanda kama mlima wa nyuma ya mji, bila kupumzika mabegani.

Placide alisimama, akashika kichwa. Watu mamia. Watu elfu. Elfu na elfu, kutoka kila upande, wote wanabisha kwa dakika ileile, na yule karani wake mmoja anapokea, anaweka, anageuka, anarudi, hachoki, hatoi jasho. Serveur ya zamani ingekuwa imekwisha kuzikwa.

"Iko nasimama!" alipiga kelele peke yake. "Iko nasimama, Bwana wangu!"

Akapiga magoti palepale akashukuru. Lile tangazo lenyewe hakulifungua. Aliona ujumbe unapita kama dereva wa lori anavyoona magunia: alijua uzito wake, alijua mwendo wake, lakini kama ndani ni maharagwe au ni chumvi, hilo ni la wenyewe.

Nje, barabarani, watu walikuwa wanapita wengi, akina mama wamejifunga vitenge viunoni, wazee na fimbo, wote wakielekea upande mmoja. Placide aliwaona. Akafunga dirisha, kwa sababu vumbi halipendani na mashine.

Eliane alifunga ofisi yake, akasimama mlangoni pake na leso mkononi.

"Placide, hauendi?"

"Niende wapi, dada Eliane? Leo siwezi kutoka hapa. Ona vile wanakuya! Ona!"

Eliane aliona mlima ule, akaona na machozi machoni mwa Placide, akafikiri, kijana huyu ameamua kuwatumikia wakwe zake kwa njia hii, kuhakikisha habari inafika kwa kila mtu. Moyo wake uliguswa. "Mungu akutie nguvu," alimwambia, akaenda.

"Amenitia tayari!" alijibu Placide.

Kisha alituma mtoto wa jirani dukani amletee Fanta. Akaipiga picha pamoja na ule mstari uliopanda, na yeye mwenyewe pembeni akicheka meno yote, akaiweka kwenye statut ya WhatsApp yake, na maneno haya: *Leo ni siku niliyoiomba. Furaha tupu. Mungu ni mukubwa.*

Akampigia Émérance amweleze. Simu ililia bure. Atakuwa na wateja, alifikiri Placide. Akiwa tayari ataniita.

Jua lilikuwa limekwisha kupita utosi Mama Claire aliposukuma mlango. Alikuwa na kitenge cheusi, vumbi mpaka magotini, na macho mekundu.

"Mama! Umesikia? Wamekuya wote, na haikuanguka!"

"Nani amekuya?"

"Watu! Elfu na elfu! Mpaka wa milimani!"

"Wamekuya kufanya nini?"

"Kufungua tangazo, mama."

"Na tangazo inasema nini?"

Placide aliangalia kioo, akaangalia chupa ya Fanta, akamwangalia mama yake.

"Sijasoma," alisema.

"Basi soma, mwanangu," alisema Mama Claire, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alikaa kwenye kiti. "Soma na sauti. Minye niko nasikia."

Akalisoma. Familia ya mzee Étienne, katekista, wa Kasenga, inawajulisha kwamba mzee amelala katika Bwana alfajiri hii. Kilio kiko nyumbani kwake.

Nyumbani kwake ni mwendo wa kuchemsha chai kutoka kwenye kile kichumba.

"Tangu asubuhi niko nakaa pale na mama yake Émérance," alisema Mama Claire. "Kila anayeingia ananiuliza, mukwe iko wapi? Ninasema anakuja. Nimesema mpaka midomo imekauka. Baadaye Herménégilde akanionyesha simu. Nikakuona na meno yako."

"Mama, hakuna mtu aliyeniita!"

Mama Claire alimwangalia kama mtu anavyoangalia sahani iliyovunjika, akijiuliza kama inaungika.

"Mwanangu, nani anaitwa ku kilio?"

Hapo ndipo Placide alipoelewa. Kwetu harusi ina mwaliko, ubatizo una mwaliko, hata mkutano wa bomba la mtaa una mwaliko. Kifo peke yake hakina. Anayengoja kuitwa kilioni amekwisha kujibu kwamba yeye si wa nyumba hiyo. Na mtu ambaye si wa nyumba haoi humo.

Alitoka na shati lake la manjano. Mama Claire alimfunika mabega kwa kitenge chake cha ndani, chenye maua madogo, kwa sababu maua ni afadhali kuliko manjano. Statut aliifuta njiani, akijikwaa kwenye mawe, ingawa pwani nzima ilikuwa imekwisha kuiona na wa bondeni walikuwa wanaionyeshana.

Herménégilde alikuwa amekaa langoni chini ya hema, miguu imenyooka, kofia gotini.

"Mukwe amekuya," alisema kwa sauti ya darasani. "Nani amekuita?"

"Hakuna, muzee."

"Basi leo umejifunza somo moja. Furaha imekwisha, ao iko inaendelea?"

Wazee wawili waliokuwa kwenye benchi walitazama chini ili wasicheke. Placide alitaka ardhi ya Kasenga imfungukie, lakini ardhi ya Kasenga ina mawe, haifunguki haraka.

"Muzee, nisamehe. Nilifurahia mashine. Sikujua."

"Eliane anasema tangazo imepita katika mashine yako. Imepita mikononi mwako, na haukujua." Herménégilde alivaa kofia, akaivua tena. "Jibu yenu ya Jumapili nilikuwa nayo mdomoni. Ilikuwa muzuri. Sasa imerudi tumboni, na sijui kama itapanda tena. Dada yangu ndani hataki kusikia jina lako."

Kwenye mlango wa nyumba Placide aliona upindo wa nguo ya Émérance, mpya, ile ya Jumapili, amefunga kitenge cheusi juu yake. Émérance hakugeuka.

"Lakini kilioni hatumufukuzi muntu," aliendelea Herménégilde. "Na wanasema weye ndo fundi wa kupokea watu wengi. Basi simama hapa langoni. Pokea. Minye magoti imechoka."

Placide alishukuru kutoka rohoni. Kupokea alikujua. Akasimama, na watu wakaja, kwa maana mzee Étienne alikuwa amefundisha sala watu wengi mno, na Placide akawapokea kama Mapokezi inavyopokea. Mkono, pole, benchi ile pale. Mkono, pole, mama zetu wako ndani. Mkono, pole, maji yako kwenye ndoo. Mstari uliteleza kama ndakala mkononi. Waombolezaji walijikuta wamekaa kabla hawajaanza kulia, wakatazamana kwa mshangao, machozi bado yako njiani.

"Anapanga viti," alinong'ona mzee mmoja wa benchi.

"Anapanga sisi," alisema mwenzake.

Kisha akaja mzee Ndayiragije. Alitoka bondeni, juu ya moto, ameshikilia kofia kwa mkono mmoja na dereva kwa mwingine. Yeye na Étienne walibatizwa siku moja, na walikuwa wamegombana na kupatana mara nyingi kuliko misimu ya mvua. Placide alimpa mkono.

"Pole sana, baba. Benchi ile pale."

Mzee hakuuachia mkono.

"Alikuwa mukaidi," alisema. "Unajua vile alikuwa mukaidi?"

"Ndiyo, baba. Pole. Nitakurudilia."

"Utarudi kutoka wapi? Minye siko naenda popote." Na mkono akauminya zaidi. "Nilikuwa nakuja hapa, nasema, Étienne, nina haraka. Anasema, haraka yako tuikalishe pia, ina miguu. Ananikalisha. Nakuja kwa neno moja, narudi jua limezama. Mara ya mwisho nilisema, leo siwezi, nitakuja juma lijalo. Ni juma hili."

Nyuma yake watu walikuwa wanaongezeka. Placide aliwaona wote: mwanamke na mtoto mgongoni, wanakwaya, masista wawili, kundi zima la watu wa Mulenge na fimbo zao. Kila kidole cha mkono wake mwingine kilitaka kuwaonyesha mahali pa kwenda. Sheria yake ilimpigia kelele kichwani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Lakini sauti aliyoisikia zaidi ilikuwa nyingine, ya mzee anayecheka mpaka anakohoa. *Haya basi. Nitakuita.* Na mzee alikuwa amemwita kweli, kwa njia ileile Placide aliyoiomba, kwa umati wa pwani nzima na bonde lote kwa pamoja, mwendo wa kuchemsha chai tu kutoka hapo, naye Placide akafunga dirisha.

Ndayiragije aligeuka kutafuta pa kukaa, bila kuuachia ule mkono. Placide alimshika, na kwa kuwa hakukuwa na kiti karibu, wakaketi wote wawili chini, katikati ya lango, palepale pa kupitia. Mzee alianza kulia kwa sauti ya watu wa zamani, isiyoona haya. Placide naye, kitenge cha maua mabegani, akalia. Hakuinuka. Simu yake ililia mfukoni, Bujumbura wakitaka kujua kama ni kweli Mapokezi imesimama na umati wote ule. Hakuishika.

Mstari ulifunga lango, ukafika barabarani, ukakunja kona. Moto zilisimama zikipiga honi, kisha wenye moto wakajua ni nini wakazima injini. Hakuna aliyepita, kwa sababu huwezi kuwaruka watu wanaolia.

Herménégilde alikuja akiburuta miguu, akaangalia mstari, akaangalia wawili wale vumbini.

"Mapokezi imeanguka," aliwatangazia watu.

Kilioni watu hucheka pia, hasa wanapokuwa wamechoka kulia. Benchi zima lilicheka, na masista wakajifunika midomo. Kutoka ndani, kwenye mkeka wa wafiwa, Mama Félicité aliuliza kuna nini huko, mbona watu hawaingii.

Émérance alitoka mlangoni, akatazama, akarudi kumjibu mama yake.

"Placide amekaa."

"Amefanya nini?"

"Amekaa, mama. Chini. Na muzee Ndayiragije. Amefunga njia yote."

Mama Félicité alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Tangu lini?"

"Tangu kitambo."

"Basi mwache akae," alisema. "Wale wengine wapitie kwa nyuma, ku jikoni."

Hivyo ndivyo watu wa pwani na wa milima walivyoingia kumlilia mzee Étienne kwa mlango wa jikoni, wakipita kati ya masufuria ya maharagwe, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa wapishi.

Jibu la familia lilipanda tena kutoka tumboni mwa Herménégilde baada ya matanga kuondolewa, na lilikuwa ndiyo, ingawa alilitanguliza na hotuba ndefu juu ya ukoo wao, kuanzia Mulenge, bila kuruka mtu. Placide aliisikiliza yote. Simu alikuwa ameiacha kwa mama yake.

Mapokezi bado iko kazini, Bujumbura, Bukavu na kwingineko. Sheria yake ya kwanza haikufutwa wala haikuguswa: mashine haikai na mtu mpaka leo, na ndiyo maana haianguki. Placide mwenyewe ndiye aliyeharibika. Siku hizi akija kwa wakwe zake kuacha gunia la mchele tu, anakaa. Anauliza habari za mgongo na anazingoja mpaka mwisho wake. Chai inachemshwa mara ya pili, giza linaanza kuingia, Mama Félicité anapiga miayo waziwazi, mkono haujafunika mdomo.

"Émérance," alimwambia binti yake kwa simu juzi, kwa sauti ya chini, kutoka jikoni. "Mupigie simu, mwambie unamuhitaji nyumbani."

"Nimepiga, mama. Hashiki. Anasema muntu akikaa na watu hashiki simu."

"Yesu," alisema Mama Félicité, akachukua maji akaweka chai ya mara ya tatu.